Baba asema nikinunua gari la nje nitakuwa nimemsaliti

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitakuandikia. Leo yamenifika.

Nina miaka 34, nina mume na watoto wawili. Tangu utoto wangu, nyumbani kwetu haijawahi kuingia gari isipokuwa ya kampuni moja, ile ya nchini kwetu. Baba yangu alifanya kazi kiwandani kwao miaka 31, na kazi yake ilikuwa kufunga milango. Mpaka leo mtu akimwonyesha gari jipya, haangalii injini wala rangi. Anafungua mlango wa dereva, anaurudisha taratibu, halafu anainamisha kichwa kusikiliza. Ukijifunga kwa sauti nzito anatabasamu. Ukilia kama bati anasema, "Aliyeufunga huu alikuwa na haraka." Funguo zake amezitundika kwenye nembo aliyoing'oa kwenye gari lake la kwanza, na kwa kupapaswa miaka yote hiyo, maandishi yake yamefutika. Ukiishika ni kama kokoto ya mtoni.

Nilipoanza kazi nikanunua gari la kampuni hiyo hiyo. Sikujaribu jingine, sikuuliza jingine, kwa kweli sikuona kama kuna kuchagua. Kwa miaka 6 sikuwa na la kulalamika. Mwaka jana likaanza kusita kuingia gia ya pili: injini inapiga kelele, gari linafikiri kwanza, halafu linaruka kwa kishindo. Nikalizoea. Jioni moja mvua inanyesha, watoto wako nyuma, likanigomea katikati ya mwinuko. Nikakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari halisogei hata inchi. Nilikaa pale nimewasha taa za tahadhari, malori yananipita ubavuni kiasi cha kulitikisa gari, na mwanangu mdogo wa miaka 4 ananiuliza, "Mama, gari limekufa?" Fundi alisema gia boksi imekwisha. Tangu siku hiyo nikiiona ile nembo mwili unanisisimka.

Sasa tunataka kununua gari jipya, na yamebaki mawili: moja la kampuni ya baba, jingine la kampuni ya nje. Mume wangu anataka la nje, lakini nikimuuliza sababu ananiambia kwao wote wanaendesha hilo na halijawahi kuwaangusha. Baba naye kaniambia wazi, "Wenzangu walirudishwa majumbani kwa sababu ya magari hayo. Ukilinunua utakuwa umenisaliti. Ukija nalo, liache nje ya geti." Tangu aseme hivyo simu zake zimekuwa fupi.

La kunichanganya zaidi, muuzaji mmoja aliniambia kwamba hili la nje linaundwa hapa hapa nchini, na lile la kwetu linaletwa kwa meli. Sikumwamini, maana muuzaji atasema lolote.

Mjomba, nimfuate nani? Na ni kweli kwamba nikinunua la nje ninawanyima watu wetu kazi?

Ni mimi,
Binti wa mfunga milango

*

Marahaba mpwa wangu, na pole kwa ile jioni ya mvua. Gari kukugomea ukiwa peke yako ni jambo moja, kukugomea na watoto nyuma ni jambo jingine kabisa.

Nianze na hiyo gia boksi, kwa sababu naona ndiyo iliyoandika nusu ya barua yako. Umesema gari lilikuwa likisita na kuruka kwa kishindo, nawe ukalizoea. Hukuniambia oili ya gia ilibadilishwa lini, wala kama iliwahi kubadilishwa. Sikuulizi ili nikulaumu. Oili ya injini kila mtu anaikumbuka kwa sababu fundi anaidai mara kwa mara. Ya gia otomatiki wengi hawajui hata kama ipo. Oili hiyo ikichoka, sahani za klachi zilizomo ndani ya boksi zinateleza badala ya kushikana. Zikiteleza zinaungua, na unga wake unakwenda kuziba vijitundu vya valvu. Kusita na kuruka ndiyo dalili yake. Yawezekana boksi lako lilitoka kiwandani na kasoro. Yawezekana pia lilikufa kwa kiu. Vyovyote iwavyo, gari moja lililokuangusha haliwezi kukupa hukumu ya kampuni nzima, kama ambavyo ile miaka 6 ya raha nayo haikuweza. Ulilipenda jina bila kulichunguza, sasa unalichukia bila kulichunguza.

Tena hiyo boksi yenyewe huenda hata haikutengenezwa na kampuni yenye jina kwenye boneti. ZF ya Ujerumani ina gia boksi otomatiki ya spidi 8 ambayo utaikuta ndani ya BMW, ndani ya Jaguar na Land Rover, na toleo lake limefungwa mpaka kwenye pikapu za Ram za Marekani. Aisin ya Japani imeziuzia boksi zake Toyota, Volvo na Peugeot. Ukija kwenye pampu, sensa na mifumo ya umeme, watengenezaji wa vipuri Bosch na Denso wamo ndani ya magari ya majina mengi ambayo mitaani watu wanagombana kwa ajili yake. Kwa hiyo usiulize tu kama kampuni hii ni nzuri. Uliza modeli hii, ya mwaka huu, yenye injini hii na boksi hii, imewatendea nini waliotangulia kuinunua.

Sasa nina kisa ambacho ningependa umsomee baba yako, maana kinamhusu yeye kuliko wewe.

Mwaka 1982 General Motors ya Marekani ilifunga kiwanda chake cha Fremont, California. Kilikuwa na sifa mbaya: utoro kazini, ugomvi usiokwisha kati ya wakubwa na wafanyakazi, na magari yanayotoka na kasoro. Mwaka 1984 kiwanda kile kikaanza tena kuunda magari, safari hii kwa ubia wa General Motors na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kwamba sasa walisikilizwa. Mfanyakazi aliyeko kwenye mstari wa kuunda magari aliwekewa kamba juu ya kichwa chake. Akiona mlango haukai sawa, anaivuta, kiongozi wake anakuja, na ikibidi mstari wote unasimama mpaka kasoro iondoke. Zamani kusimamisha mstari ilikuwa karibu na dhambi. Gari bovu lilisukumwa mbele, likarekebishwe huko mwisho. Haukupita muda mrefu, magari ya Fremont yakawa yanakaribiana kwa ubora na yale yaliyotoka Japani kwenyewe. Mikono haikubadilika.

Halafu sikia hili. Kwa miaka mingi kiwanda hicho kilitoa magari mawili yaliyo pacha. Moja liliitwa Toyota Corolla. Jingine liliitwa Geo Prizm na lilikuwa la General Motors. Sura zilitofautiana kidogo, lakini injini na mifupa ilikuwa ya aina moja, na aliyefunga mlango wa hili ndiye aliyefunga wa lile. Hata hivyo Corolla ndiyo iliyotafutwa zaidi, na hata likija kuuzwa mtumba ndilo lililoshika bei. Kuna aliyeingia dukani akisema, "Mimi natoa hela yangu kwa gari la Marekani tu," na kuna aliyeingia akisema, "Mimi ni wa Kijapani tu," na wakatoka wote wawili na gari moja. Nimefanya kazi na magari muda mrefu na sijaona mfano mwingine unaoonyesha vizuri namna hii nembo inavyoweza kutufumba macho, sisi wapenda nyumbani na sisi wapenda nje.

Wala si Marekani peke yake. Kule Kolín, Jamhuri ya Cheki, kuanzia 2005 kiwanda kimoja kilitoa Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1, magari matatu ya tumbo moja.

Pamoja na hayo yote, baba yako usimwone mtu wa zamani asiyeelewa. Maumivu yake yana sababu. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, magari madogo ya Japani yalianza kupata wateja kwa wingi nchini Marekani, na maelfu ya waliokuwa wakiunda magari makubwa huko walipoteza kazi katika miaka iliyofuata. Mambo yalifika mahali ambapo mwaka 1981 Japani ilikubali kujiwekea kikomo cha magari 1,680,000 kwa mwaka kwenye soko hilo. Mtu aliyewaona wenzake wakitoka getini na visanduku vyao vya vifaa hawezi kuambiwa kwamba gari ni chuma tu. Ukizungumza naye, anza kwa kukubali hilo. Mwambie unajua kwamba milango yake ndiyo iliyokulisha na kukusomesha.

Ila dunia aliyoiacha alipostaafu imegeuka. Honda ya Japani ilianza kuunda magari Marysville, Ohio, kule Marekani, mwaka 1982. Nissan ikafuata Smyrna, Tennessee, 1983, kisha Sunderland, Uingereza, 1986. Toyota ikaanza Georgetown, Kentucky, 1988. BMW iko Spartanburg, South Carolina, tangu 1994, na magari yake marefu kama X5 yanaundwa pale na kusafirishwa kwenda nchi nyingi, Ujerumani ikiwemo. Yaani Mjerumani anaweza kununua BMW kwa uzalendo wake wote na akawa amenunua gari lililofungwa milango na Mmarekani. Kwa upande wa pili, majina tunayoyahesabu kuwa ya nchi fulani yamepata wenyewe wengine: Jaguar na Land Rover ni za Tata ya India tangu 2008, Volvo ya magari madogo ni ya Geely ya China tangu 2010, na Chrysler, baada ya kupita kwa Wajerumani na Waitaliano, sasa iko chini ya Stellantis yenye makao Uholanzi.

Hivyo ukiuliza kama kununua la nje ni kuwanyima watu wenu kazi, jibu liko kwenye mahali gari lilipoundwa na mahali vipuri vyake vilipotengenezwa. Faida itakwenda kwa wenye hisa, na hao wametawanyika duniani. Wahandisi wanaochora gari mara nyingi hubaki makao makuu, na hizo nazo ni kazi nzuri, sizidharau. Lakini kama kinachokuuma ni mshahara wa mtu aliye kwenye mstari, mtu kama baba yako, basi mimi ningefuata kiwanda kwanza, nembo baadaye. Huo ni msimamo wangu na siufichi.

Muuzaji usimwamini wala usimkatae. Kachunguze mwenyewe. Magari mengi ya siku hizi yana namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17. Utaiona kwa chini kwenye pembe ya kioo cha mbele, upande wa ndani ya dashibodi, au kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango, ambapo mlango ukifungwa hakionekani. Herufi au tarakimu ya kwanza inakupa mwanga: J ni Japani, K ni Korea, L ni China, W ni Ujerumani, 1, 4 na 5 ni Marekani, 2 Kanada, 3 Meksiko. Uingereza huanza na S, Ufaransa na V, ingawa V inatumiwa na nchi nyingine pia. Usiishie hapo, kwa sababu kampuni nyingine huandika herufi za nyumbani kwao hata gari likiundwa kwingine. Herufi au tarakimu ya 11 mara nyingi ndiyo alama ya kiwanda, na kibandiko chenyewe wakati mwingine kimeandikwa wazi nchi ya kuundwa. Mwombe muuzaji akuandikie namba hizo za magari yote mawili, ukazihakiki nyumbani kwa utulivu. Namba hiyo hiyo itakuonyesha pia kama gari limeitwa kurudi kwa matengenezo ya usalama na kama yalifanyika. Hilo lisikupite, liwe la kwetu au la nje.

Mume wako nitamgusa kwa ufupi. Naye amerithi nembo kama ulivyorithi wewe, tofauti ni kwamba ya kwao haijawahi kumwacha kwenye mwinuko na mvua. Mwambie alete sababu inayohusu gari hili mnalotaka kununua, wala si lile alilokuwa nalo mjomba wake.

Baada ya hapo kayaendesheni yote mawili, siku moja, barabara moja, watoto wakiwa nyuma, na muwe na mwinuko. Nasema siku moja kwa sababu ukiyaendesha kwa siku tofauti, la pili hushinda kwa kuwa ndilo unalolikumbuka. Zima redio. Sikiliza gia zinavyoingia ukiwa mwendo mdogo, ukiachia mafuta na kukanyaga tena, hapo ndipo boksi hujisema. Kaa kiti cha nyuma pia, ufunge mikanda ya watoto kwa mikono yako, maana hiyo ndiyo kazi utakayoifanya kila asubuhi. Kisha nenda kwa yule fundi aliyekupa habari za boksi lako. Muulize ni lipi kati ya haya analoletewa mara kwa mara, na linaletwa kwa ugonjwa gani. Muulize spea zake orijino zinapatikana siku ile ile au ni za kusubiri wiki tatu. Uliza na kitabu cha gari kinasema oili ya gia ibadilishwe baada ya kilomita ngapi. Wakikuambia "hii haibadilishwi maisha yake yote," usikubali haraka. Uliza maisha hayo ni kilomita ngapi.

Ukinishikilia nikutajie jina, sitalitaja, kwa sababu sijayaona magari hayo na wewe hujaniambia ni yapi. Lakini yakitoka sare, ningechukua lile ambalo fundi wako analijua na spea zake ziko karibu, hata kama jingine lina kioo kikubwa zaidi kwenye dashibodi.

Na baba? Umeandika kwamba amesema utakuwa umemsaliti ukinunua la nje. Mimi naona angeumia zaidi akilikuta gari limeshanunuliwa, yeye hakuulizwa. Miaka 31 alikuwa mtu ambaye jicho lake na sikio lake vilitegemewa, halafu binti yake anakwenda kununua gari bila kuvitumia. Mpigie simu kabla hujalipa hata senti. Usimwombe ruhusa, wewe ni mtu mzima. Mwombe utaalamu wake. Mwambie, "Baba, kuna magari mawili nataka uyasikilize milango."

Akikubali, mpeleke kwanza kwenye lile la kampuni yake, kisha la nje. Mwache afungue, aurudishe, ainamishe kichwa. Usimharakishe. Mlango ukiwa wazi, kibandiko nilichokutajia kitakuwa usawa wa mkono wake, kwenye nguzo ile ile aliyoishika kila siku kwa miaka 31. Mwombe akusomee kilichoandikwa, umpe na miwani yake, herufi zake ni ndogo.